Mkanda Uliokwama ni Bunduki Iliyokwama

Hakuna askari aliyepitia mafunzo asiyejua yanayomfika mtu anayetokea kwenye gwaride la ukaguzi na bunduki yenye kutu. Tangu siku za ukuruta tumefundishwa kwamba silaha ni uhai wa mwenye kuishika, na kwamba silaha isiyotunzwa itamkana mwenyewe saa ile ile atakapoihitaji. Tumeizoea kanuni hiyo hata haituudhi tena. Jioni, baada ya zamu, askari huketi kivulini, akaifungua bunduki yake, akaifuta, akaifunga tena, na wala hasubiri kuamrishwa.

Lakini askari huyo huyo, asubuhi yake, huingia katika gari la kazi ambalo mkanda wake wa usalama umekwama tangu mwaka juzi. Ameukuta umening'inia kama ulimi wa mbwa aliyechoka, au umefungwa fundo nyuma ya kiti usimsumbue mtu, au umemezwa na nguzo ya mlango na haukubali kutoka. Hauulizi habari. Huketi, hufunga mlango, huwasha gari na kushika njia kuu kwa mwendo wa kilometa themanini kwa saa. Wala hapana ofisa anayemsimamisha kumuuliza kwa nini chombo kimoja cha kulinda uhai wake hakifanyi kazi.

Leo tunapenda kulizungumza jambo hili kwa urefu, kwa sababu mbili. Kwanza, ni jambo linaloua. Pili, mara nyingi dawa yake haizidi kitambaa, sabuni, maji, spana moja na nusu siku ya subira.

Ajali haina kinga?

Tunao msemo wa wazee wetu kwamba ajali haina kinga. Msemo huo ulikusudiwa kumfariji aliyefikwa, asijilaumu kupita kiasi kwa lile lisilokuwa katika uwezo wake. Haukukusudiwa kuwa kisingizio cha dereva mvivu. Ni kweli kwamba huwezi kuzuia lori la mtu mwingine lisikatike breki kwenye mteremko. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kugongwa na kufa, na mahali pengi tofauti hiyo ni ule mkanda wenye upana wa vidole vitatu.

Hebu tupige hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa likigonga ukuta na kusimama ghafla, mtu aliyemo ndani asiyefungwa mkanda huendelea mbele kwa mwendo ule ule wa kilometa 50, mpaka usukani, dashibodi au kioo cha mbele kimsimamishe. Nguvu ya pigo hilo ni sawa na ya mtu aliyeanguka kutoka kimo cha karibu meta 10, yaani juu ya paa la nyumba ya ghorofa mbili. Mwendo ukiwa kilometa 80, kimo hicho hufika meta 25. Ukifika kilometa 100, kinakaribia meta 40. Hakuna askari, hata awe hodari namna gani wa mazoezi ya viungo, anayeweza kujizuia kwa mikono yake miwili asianguke kutoka kimo cha meta 25. Wanaosema kwamba watashika dashibodi kwa nguvu hawajaipiga hesabu hii.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani, na kwamba Afrika, ingawa ina magari machache kuliko mabara mengine, ndiyo yenye vifo vingi zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Shirika hilo hilo linaeleza kwamba mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa mtu wa kiti cha mbele kwa karibu nusu. Nusu, ndugu askari. Laiti tungepewa fulana ya chuma inayozuia nusu ya risasi, tungelala nayo.

Somo lililotoka jeshini

Wengine hudhani mkanda wa gari ni kitu cha raia waoga. Historia inasema vingine. Elimu ya mikanda ilitoka kwa wanajeshi na kwa watengenezaji wa ndege za kivita, wala si kwa watu wa matembezi.

Mwezi Desemba mwaka 1954, huko New Mexico nchini Marekani, daktari wa jeshi la anga, John Paul Stapp, alijifunga mikanda katika kiti kilichowekwa juu ya reli na kusukumwa kwa roketi. Chombo kile kilifika mwendo wa kilometa 1,017 kwa saa, kisha kikasimamishwa kwa muda usiotimia sekunde mbili. Macho yake yalijaa damu na kwa muda hakuona kitu. Lakini alipona, akaishi hadi mwaka 1999. Alikuwa amethibitisha kwa mwili wake mwenyewe kwamba binadamu aliyefungwa vizuri huweza kustahimili pigo ambalo asiyefungwa lingemsaga.

Ofisa huyo, alipochunguza hesabu za vifo, aligundua kwamba jeshi lake la anga lilikuwa likipoteza marubani wengi katika ajali za magari kuliko katika ajali za ndege. Watu waliofundishwa kwa gharama kubwa, waliorushwa angani na kurudi salama, walikufa barabarani wakienda nyumbani mwisho wa juma. Tangu hapo hakunyamaza. Mwaka 1966 sheria ya usalama wa magari ilitiwa saini nchini mwake, na kuanzia mwaka 1968 magari mapya ya huko yakalazimika kuwa na mikanda.

Kabla ya hapo, mwaka 1959, mhandisi wa Sweden aitwaye Nils Bohlin, ambaye awali alikuwa akitengeneza viti vya kumrusha rubani nje ya ndege ya kivita inayoanguka, alikuwa ameunda mkanda wa gari unaopita begani na kiunoni kwa pamoja. Ndio huu tunaoutumia hadi leo. Kampuni aliyoifanyia kazi, Volvo, iliwaachia watengenezaji wote wautumie bila kudai malipo. Kwa hiyo askari anayejifunga mkanda havai vazi la woga. Anavaa urithi wa wenzake.

Jinsi kinavyofanya kazi

Mikanda ya mwanzo ilikazwa kwa mkono, kila mtu kwa kadiri ya tumbo lake. Baadaye kikaja kisanduku kidogo cha chuma, kilichofichwa chini ya nguzo ya mlango, ambacho huuvingirisha mkanda chenyewe na kuulegeza chenyewe. Kisanduku hicho ndicho kinachokwama, na askari hawezi kutengeneza asichokielewa. Tukieleze basi.

Ndani yake mna rola ambayo mkanda umezungushwa juu yake. Upande mmoja wa rola, chini ya kifuniko cha plastiki, mna springi bapa iliyojikunja kama ile ya saa ya kukaza kwa ufunguo. Hiyo ndiyo inayourudisha mkanda ndani. Upande wa pili mna meno na komeo dogo. Komeo likiingia katika meno, rola haizunguki tena, na mkanda hautoki hata kidogo.

Ni nani anayeliamuru komeo hilo? Visanduku vingi vina walinzi wawili. Wa kwanza ni gololi ya chuma, au timazi ndogo kama ile ya mwashi, iliyotulia mahali pake gari linapokwenda vizuri. Gari likisimama ghafla, au likiinama sana, gololi husogea na kuliinua komeo. Mlinzi wa pili hutazama mkanda wenyewe: ukivutwa polepole huuacha upite, ukivutwa kwa ghafla huufunga.

Kutokana na hayo yanafuata mambo mawili ambayo mafundi wengi wa kubahatisha hawayajui. La kwanza, gari lililoegeshwa kwenye mteremko mkali laweza kukataa kutoa mkanda ingawa ni zima kabisa. Vilevile kisanduku kilichofunguliwa na kushikwa mkononi kimeinama hujifunga, na fundi akasema kimekufa, kumbe kinatimiza wajibu wake. Ukikishika wima, kama kilivyokaa garini, kitafunguka. La pili, komeo likishaingia katika meno halitoki mpaka mkanda urudi ndani kidogo, walau kwa upana wa kidole. Ikiwa springi imechoka, au mkanda umechafuka hata unasugua na kung'ang'ania njiani, haurudi ndani, na komeo halipati nafasi ya kutoka. Hapo ndipo tunaposema mkanda umekwama. Mara nyingi mwenye kosa si komeo. Mwenye kosa ni uchafu.

Na uchafu kwetu haukosekani. Vumbi jekundu la barabara zetu huingia kila ufa. Jasho la shingo na mafuta ya mwili huushika mkanda, vumbi hushika jasho, na baada ya miaka michache mkanda uliokuwa laini hukakamaa kama ngozi ya ngoma. Ile pete ya juu, penye bega, ambamo mkanda hupita, hujipaka utando mweusi wa nta. Katika gari lenye umri wa miaka ishirini, ambayo ndiyo mengi tuliyo nayo, springi iliyokwisha kupungua nguvu haiwezi kuushinda utando huo.

Hivi karibuni tulisafiri katika gari moja kuukuu la stesheni wagon. Dereva, mzee wa kazi aliyekaribia kustaafu, alituomba radhi: "Afande, mkanda wa upande wako hauvutiki. Nimeshazoea." Tulimwambia asimamishe gari mahali tambarare, chini ya mwembe. Tulipofungua kifuniko cha nguzo, tulikuta sarafu ya shilingi mia imejipachika ubavuni mwa rola, pamoja na maganda ya karanga ya safari nyingi. Kwenye pete ya juu utando ulikuwa mnene hata ungeandika jina lako kwa ukucha. Kwa saa moja kazi ilikwisha, isipokuwa kuufua mkanda, jambo tulilolifanya kituoni. Mzee yule alivuta mkanda, akauachia, ukarudi wenyewe. Akauvuta tena. Kisha akasema polepole kwamba katika kiti kile kile alikuwa akimpakia mwanawe kila mwisho wa mwezi. Hatukuwa na la kuongeza.

Hatua za matengenezo

Tunazitaja kwa utaratibu, na tunaomba zifuatwe kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza: egesha gari mahali tambarare na uvute breki ya mkono. Ikiwa mkanda umekwama ukiwa nje kidogo, usipigane nao. Usukume ndani kwa mkono, hata kwa sentimeta moja, kisha uvute polepole. Ikiwa umemezwa wote, ushike kwa mikono miwili, uukaze kwa nguvu kwa kitambo, kisha uuachie kwa ghafla. Mara nyingi urudi huo mdogo hulitosha komeo kujitoa. Rudia kwa subira. Anayenyakua kwa hasira anamwamsha yule mlinzi wa pili, na komeo linazidi kukaza.

Hatua ya pili: tazama kama mkanda umejipinda, hasa penye pete ya juu na pale unapoingia katika nguzo. Mkanda uliojipinda ni mnene mara mbili, na hauwezi kupita katika tundu lililopimwa kwa mkanda mmoja. Unyooshe mpaka ulale bapa tangu mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya tatu: safisha pete ya juu. Chukua kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni, au spiriti kidogo, ukipitishe katika pete na kukivuta huku na huku kama unavyosafisha mtutu, mpaka kitambaa kitoke bila weusi. Tumeona magari mengi yakipona kwa hatua hii peke yake.

Hatua ya nne: ufue mkanda. Uvute polepole hadi mwisho wake, uubane kwa kibanio karibu na tundu usirudi ndani, kisha uusugue kwa brashi laini, maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida. Usitumie petroli, wala dawa ya kung'arishia nguo, wala rangi, kwani hizo hula nyuzi na mkanda utakatika siku ya haja. Usuuze, uufute, uuache ukauke kabisa kivulini kabla ya kuuachia. Mkanda wenye unyevu ukirudi ndani hupeleka kutu kwenye chuma na ukungu kwenye nyuzi.

Hatua ya tano: ikiwa bado unasita, fungua kifuniko cha nguzo kwa bisibisi, ukitazame kisanduku. Lakini kabla ya kugusa bolti yoyote, angalia kama kuna nyaya za umeme zinazoingia ndani yake. Zikiwapo, simama hapo hapo. Magari mengi yaliyotengenezwa katika miaka ya 1990 na baadaye yana kisanduku chenye baruti ndogo ambayo hulipuka wakati wa ajali ili kuukaza mkanda kifuani. Kisanduku hicho hakifunguliwi, hakigongwi nyundo, hakipimwi kwa umeme wa betri. Ni kazi ya fundi aliyefunzwa, mwenye kitabu cha gari hilo. Askari anajua maana ya kuchezea baruti asiyoijua.

Kama hakuna nyaya, toa kila kitu kigeni kilichoingia: sarafu, kalamu, maganda, mchanga. Puliza vumbi kwa upepo mkavu na upanguse kwa brashi ndogo. Tazama kama kisanduku kimekaa wima, kwani kikiwa kimelegea na kuinama, gololi haitulii na komeo halitoki. Ukikirudisha, tumia bolti zake zile zile za asili na uzikaze kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Bolti ya mkanda ni ya chuma kigumu cha namna yake. Bolti ya kuokota sakafuni mwa gereji yaweza kukatika kwa pigo moja.

Yasiyofaa kufanywa

Usikifungue kifuniko cha springi. Springi ile imekazwa, na ikiruka hukata vidole, hukosa jicho kwa bahati tu, na kuirudisha ni kazi iliyowashinda wengi wenye ujuzi kuliko sisi. Usimimine oili wala grisi katika komeo na gololi. Mafuta hukaribisha vumbi, na vumbi lenye mafuta hugeuka kuwa gundi. Leo mkanda utateleza, na baada ya mwezi utakwama kuliko kwanza, au, jambo baya zaidi, komeo litachelewa kufunga. Usilikate wala kuling'oa komeo ili mkanda uwe mwepesi. Mkanda usiofunga ni utepe wa mapambo.

Usiufunge fundo, wala usiubane kwa pini au kibanio cha nguo ili usikukaze. Mkanda uliolegea hukuacha uruke kwanza, kisha hukupiga. Tena, mkanda uliokwisha kufanya kazi katika ajali kubwa haurudishwi kazini. Nyuzi zake zimevutika, na penye pete utaona alama kama za kuungua. Mkanda huo na kisanduku chake vimekwisha kutumika, kama risasi iliyokwisha kupigwa. Vivyo hivyo mkanda uliochanika ukingoni, uliokatwa na mlango, au uliopauka kwa jua hata nyuzi zikasimama. Usinunue mkanda uliong'olewa katika gari lililogongwa, hata ukiuzwa kwa bei ya karanga. Ikiwa springi imekufa kabisa au komeo limevunjika, badilisha kisanduku kizima kwa kingine cha aina ile ile.

Majaribio

Kazi isiyojaribiwa haijakwisha. Vuta mkanda polepole hadi mwisho: utoke bila kusita. Uachie: urudi wote wenyewe bila kusukumwa. Uvute kwa ghafla: ufunge papo hapo. Funga kifungio na uvute kwa nguvu: kisichomoke, lakini kifunguke kwa kubonyezwa mara moja. Mwisho, katika uwanja mtupu wa kambi, usio na watu, endesha kwa mwendo wa kilometa 10 kwa saa, kisha ukanyage breki kwa nguvu. Mkanda ukufunge kifuani. Usipofunga, gari hilo halijapona, na liandikwe hivyo katika daftari lake.

Hoja za wanaokataa

Tunawasikia wenzetu wakisema kwamba mkanda utamzuia askari kuruka upesi akishambuliwa njiani. Hoja hii ina uzito, na haistahili kuchekwa. Mahali penye adui, kamanda ndiye mwenye kuamua, na amri yake itafuatwa. Lakini je, kila safari ya kwenda bohari kuchukua unga ni safari ya kuvizia? Siku nyingi za mwaka hatari iliyo karibu na askari aliye garini si bunduki ya mtu. Ni kona, ni mvua, ni ng'ombe anayevuka, ni lori lililoharibika bila taa usiku.

Tena, mkanda mzima hufunguka kwa dole gumba moja na kurudi ukutani wenyewe. Ule uliokwama, unaolala sakafuni kama kamba ya mbuzi, ndio unaomnasa mguu anayeruka. Anayeogopa kuchelewa kutoka na afanye mazoezi: kubonyeza, kuondoa mkanda, kufungua mlango, kushuka. Tunafanya mazoezi ya kubadilisha magazini gizani. Hatuwezi kushindwa na kitufe kimoja.

Wengine wanasema mkanda hauendani na zana. Basi tukumbuke namna ya kuuvaa. Sehemu ya chini ilale juu ya mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo wala juu ya mifuko ya risasi. Sehemu ya juu ipite katikati ya bega, si shingoni wala chini ya kwapa. Mifuko ya risasi isogezwe pembeni kabla ya kujifunga, na bunduki isiwekwe kati ya mkanda na kifua.

Kwa ndugu zetu wa polisi tuna neno la pekee. Kanuni za kufunga mikanda zilitungwa Uganda mwaka 2004, mwaka ule ule ambao Kenya, chini ya waziri wake John Michuki, ilianza kuzilazimisha matatu zote kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo. Tangu wakati huo polisi amesimama barabarani akiwauliza wananchi habari za mikanda yao. Mwananchi ana macho. Akitozwa faini na askari aliyeshuka kutoka gari ambalo mkanda wake umefungwa fundo, atalipa, lakini hataheshimu. Wahenga walisema mganga hajigangi. Katika jambo hili mganga hana budi kujiganga kwanza, ndipo dawa yake iaminike.

Wajibu wa wakubwa

Haitakuwa haki kuwatupia madereva mzigo wote. Dereva hawezi kununua kisanduku kipya kwa mshahara wake. Mkuu wa karakana na auweke mkanda katika orodha ya ukaguzi wa kila juma, pamoja na breki, taa na magurudumu. Gari ambalo breki zake zimekufa haliruhusiwi kutoka kambini. Hatuoni kwa nini gari ambalo mikanda yake imekufa liruhusiwe. Ofisa naye na ajifunge kabla ya dereva wake, kwa maana dereva hujifunza kwa kutazama kuliko kwa kusikia. Ofisa anayeupitisha mkanda mgongoni mwake ili king'ora cha gari kinyamaze, anawafundisha askari wote wa nyuma kuidanganya tahadhari.

Pia tusiwasahau wanaoketi nyuma ya pikapu na malori, ambao hawana mkanda mzima wala mbovu. Mpaka viti vyao vitakapopatiwa ulinzi unaofaa, kinga yao ya kwanza ni mguu wa dereva. Dereva aliyejifunga vizuri huku amebeba wenzake kumi wasiofungwa, akumbuke kwamba mwendo anaouchagua anawachagulia na wao.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wenyewe leo ni utando mweusi juu ya pete na sarafu iliyoanguka pasipo mtu kujua. Ukuta ni jeneza lililofunikwa bendera, mjane aliyesimama kando yake, na hati inayoeleza kwamba marehemu hakufa vitani. Tumezisoma hati za namna hiyo mara nyingi, na tungependa tuzisome mara chache zaidi.

Basi jioni hii, askari atakapomaliza kusafisha bunduki yake, asizitupe zile vitambaa. Aende nazo mpaka kwenye gari, aufungue mlango, auvute mkanda, autazame unavyorudi.